Loisi na Mabati ya Bure

Kwa Loisi Mlewa hakufikiki kwa gari. Bodaboda kutoka Mlali inakuacha kwenye kisima cha mwisho cha kijiji cha Isalaga, na hapo unaanza kupanda kwa miguu: saa moja na nusu kama una mapafu, saa mbili na nusu kama unafanya kazi ofisini. Njia ni ya mbuzi. Inapenya kwenye migunga, inapita kati ya mawe ambayo pimbi wanaota jua juu yake, inashuka korongo la mchanga, halafu inapanda tena. Ukifika juu, nyumba huioni mpaka ukaribie kujigonga nayo, kwa sababu ni tembe: nyumba ndefu ya kimo cha chini, kuta za miti iliyokandikwa udongo, na paa bapa la udongo vilevile. Watu wa Dodoma mjini wanalipia kulala humo.

Nilimjua Loisi kwa biashara, si kwa undugu. Mimi Bupe ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Nilikuja Dodoma na ndoo ya maandazi, leo nakodisha magodoro, viti na maturubai ya sherehe. Siku moja aliingia bandani kwangu mwanamke mwembamba wa miaka sitini hivi, kanga mbili na katambuga za tairi miguuni, akaminya magodoro yangu moja moja kama anayechagua matikiti, akauliza ni lipi limelaliwa na watu wachache. Nikamwambia yote ni mapya.

"Mwanangu," akasema, "hili lina ramani ya mtoto aliyekojoa. Nipe haya sita kwa bei ya mkojo."

Nina miaka kumi na tisa kwenye biashara. Siku ile nilishindwa kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Akayafunga magodoro kwenye lori la Kongwa, na baadaye nikasikia yalipanda mlima juu ya punda. Nikaenda kuyaangalia, maana mali yangu hailali mahali nisipopajua. Nilipopajua, nikaanza kumtafutia wageni mimi mwenyewe.

Alizaliwa palepale juu, kwenye tembe la baba yake. Alikuwa na miaka kumi au kumi na moja serikali ilipowashusha watu wa mlimani wakaishi kijijini. Lori likachukua vyombo, baba akaswaga mbuzi, tembe likaachwa lidondoke lenyewe. Chini akaolewa na Filipo, mchunga ng'ombe wa ranchi, akazaa watoto watatu, akapika pombe ya mtama, akapalilia mizabibu ya watu. Filipo alipofariki, wote walitegemea Loisi atahamia Morogoro kwa mwanawe wa kwanza, Denis. Yeye akafunga vitu vyake juu ya punda akapanda mlimani kujenga upya pale alipozaliwa.

Watu walicheka mpaka wakachoka. Kila mtu alikuwa anavunja tembe aweke bati, huyu anatoka kwenye nyumba ya bati kwenda kujenga tembe! Wakasema msiba umemchanganya. Hakubishana nao. Nyumba ya bati alimwachia shemeji yake, yeye akaondoka na mlango tu, kwa sababu ulikuwa wa mninga.

Wageni wake wa kwanza hawakualikwa. Walikuwa wanafunzi wawili wa chuo waliokuja kuhesabu pimbi, jua likawazamia juu ya mawe. Akawapa ugali na mahali pa kulala. Asubuhi akakuta wameacha noti chini ya kikombe.

"Niliiangalia ile noti," aliniambia, "nikajiuliza: hivi hawa wana vitanda vyao mjini, halafu wanalipia kulala na kuku? Basi nikawatoa kuku."

Sasa nimlete mtendaji wa kijiji, kwa sababu bila yeye hapangekuwa na la kusimulia. Damas ni Mhehe wa Iringa, na kila mtu anajua Wagogo na Wahehe ni watani: huyu humwita mwenzake mla mbwa, yule humwita ombaomba. Wiki ya kwanza tu alipohamishiwa Isalaga alimkuta Loisi kisimani, akapaza sauti mbele ya wanawake wote: "Hivi huyu ndiye Mgogo? Mbona hajaninyooshea mkono kuomba?"

"Nilitaka kuunyoosha," Loisi akamjibu, "nikaogopa Mhehe atadhani ni mguu wa mbwa, autafune."

Wakawa hivyo miaka mitatu. Shemeji yake Loisi alipofariki, Damas alifika msibani kama mtani, akakalia sufuria kubwa la kupikia na kugoma kuinuka mpaka akombolewe. Waombolezaji wanasubiri chakula, yeye kakaa juu ya sufuria anaimba. Loisi akatoa kuku. Damas akaondoka na kuku wake, na hakuna aliyenuna, maana mambo ya utani hayapelekwi barazani.

Mwaka huu ukaja mradi wa utalii wa vijijini. Mradi ungetoa bati kwa nyumba nzima ya Loisi, kibao cha rangi, na barabara ya gari mpaka mlangoni. Yote bure. Sharti lilikuwa moja: nyumba iingie mikononi mwa kamati ya kijiji, na Loisi abaki kama mwangalizi. Damas alipanda na fomu ili mwenye nyumba aweke sahihi. Loisi akamwambia aiache, ataisoma. Akaisoma mwezi mzima.

Damas akachoka kusubiri. Mkutanoni akatangaza kwamba paa la udongo ni hatari, likimwangukia mgeni atakayewajibika ni yeye mtendaji, kwa hiyo hakuna mgeni kulala kule mpaka bati lipande, na Jumamosi atapanda mwenyewe kuifunga nyumba. Akaongeza, kwa sauti ya chini ambayo wote waliisikia, kwamba atakayekwenda kumsaidia yule mama kukarabati tembe ajiandae kulitafuta jina lake kwenye orodha ya mbolea ya ruzuku.

Hakuna aliyewaza kwamba Mgogo atakataa cha bure. Mtendaji hakuwaza, kijiji hakikuwaza. Niseme ukweli, hata mimi sikuwaza. Nilikuwa na wageni tisa wa ofisi moja ya Dodoma waliotaka kulala kule Jumamosi, na barabara ingekuwa nafuu kwa magodoro yangu. Kwa hiyo Alhamisi nikapanda kwenda kumshawishi.

Nilimkuta juu ya paa. Nusu ya upande wa magharibi ilikuwa wazi, mbingu inaonekana kutoka chumbani. Mchwa walikuwa wamekula boriti, naye alikuwa ametoa udongo wote wa zamani, akaweka boriti mpya, fito na nyasi. Magodoro yangu yalikuwa yamerundikwa upande wa mashariki chini ya turubai.

"Shikamoo, Mama Denis."

"Marahaba. Toka hapo ulipo, mti ukikuangukia mtendaji atapata ushahidi. Umeleta nini?"

"Nimeleta akili."

"Hiyo ninayo. Chumvi je?"

Jioni, kwenye ugali wa uwele na mlenda, nikamwaga sera zangu. Nikamwambia bati ni la bure, nyumba atalala ileile, wageni watakuja na magari yao. Anapoteza nini?

"Godoro lako likiwa hapa kwangu, ni la nani?" akaniuliza.

"Langu."

"Nikilivalisha shuka jipya, la bure, linakuwa la nani?"

"Linabaki langu, Mama Denis, usinichezee."

"Basi kwa nini mimi nikivalishwa bati nyumba iwe ya kamati?"

Nikahamia upande wa barabara. Nilidhani hapo nina nguvu.

"Barabara ikifika mlangoni," akasema, huku anakunja tonge, "mgeni wa kulala anageuka mgeni wa soda. Anakuja saa nne, anapiga picha, saa nane yuko Mlali anakula nyama choma. Aliyepanda kwa miguu hana nguvu ya kurudi. Huyo atalala, apende asipende."

Alikuwa amesema kweli, na mimi ndiye niliyepaswa kuliona hilo kabla yake. Nilikuwa nimepanda mlima kumshawishi auze kitu kimoja alichonacho ambacho washindani wake wote hawana: umbali. Tangu hapo sikutaja tena bati.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo maneno hayakulitosha. Udongo wa paa la tembe haupigwi koleo ukaachwa. Unachukuliwa kwenye kichuguu, unalowanishwa, unamwagwa juu ya nyasi, na hapohapo unakanyagwa na miguu mingi kwa pamoja, ungali na unyevu, mpaka uwe mgumu kama sakafu. Miguu ikiwa michache, udongo unakauka kabla hujafika mwisho, unapasuka, na mvua inapata pa kuingilia. Ndiyo maana watu wa kule huitana. Na safari hii hakuna ambaye angeitika.

Ijumaa tulijaribu wawili, yeye na mimi, kipande cha ukubwa wa mkeka. Kufika adhuhuri kilikuwa na nyufa za kuingia kidole. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Mpwapwa. Kuta za tembe ni udongo. Mvua moja ya kweli ikiingia kwa juu, upande wote wa magharibi ungelala chini, na kamati ingekuja kuchukua kiwanja badala ya nyumba.

Akapita Jenifa, jirani wa mteremkoni, na mzigo wa kuni kichwani. Alisimama mbali, anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Mama Denis, naona aibu," akasema. "Ila nina watoto, na nina ekari mbili za mahindi zinazotaka mbolea."

"Nenda zako, Jenifa. Nimekuita?"

"Hujaniita."

"Basi hujanikatalia. Nenda."

Jumamosi niliamka nikamkuta anashusha madumu kwenye punda. Alikuwa ameshakwenda chemchemi mara nne. Lundo lote la udongo wa kichuguu, lote, alikuwa amelimwagia maji na analikoroga kwa jembe.

"Mama Denis! Unalowanisha lote? Tuko wawili! Likikauka hilo hapo ni tofali moja kubwa, hata nyundo haitalitoa."

"Leo mtendaji anakuja."

"Anakuja kuifunga nyumba!"

"Anakuja kuifunga na mashahidi." Akanikabidhi jembe. "Mtendaji hajawahi kufunga kitu peke yake. Koroga huku, bado kuna mabonge."

Saa tatu wakatokea kwenye mawe. Damas mbele na koti lake na begi la ofisini, nyuma yake watu ishirini na kitu, wanaume kwa wanawake, aliowaamrisha wapande kushuhudia kwa tishio lilelile la orodha. Jenifa alikuwemo. Damas alikuwa amelowa jasho na koti limemganda mgongoni. Akasimama uwanjani, akavuta pumzi, akatabasamu kwa mazoea.

"Ombaomba wewe! Kumbe bado hujafa?"

Hapo ndipo alipokosea. Angeanza na serikali, yangeishia kwenye serikali. Alianza na utani.

Loisi alishuka ngazi ya paa kama msichana. Kabla Damas hajamaliza kucheka, begi lilikuwa limetoka begani mwake na Loisi alikuwa amelikalia, juu ya jiwe, miguu ameinyoosha mbele.

"Nimekamata, mtani."

Wanawake wakapiga vigelegele papo hapo. Nadhani hata hawakukusudia, vilitoka tu.

"Bibi, hilo begi lina faili la serikali," Damas akasema.

"Na sufuria ulilolikalia lilikuwa la msiba. Ulilirudisha bure?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja aliketi chini kabisa ili acheke vizuri.

"Haya, unataka nini? Kuku?"

"Kuku wa Mhehe wa nini, amezoea baridi, atanifia. Panda juu ukanyage udongo wangu. Upande huu ukiisha, begi lako hili hapa."

Damas akageuka kuwaangalia watu. Niliiona hesabu ikipita usoni mwake. Kukasirika hawezi: mtu aliyekula kuku wa mtani msibani, halafu akanuna zamu yake ilipofika, atachekwa kijiji hiki na vijiji vitatu vya jirani, na hatapata tena wa kumsikiliza. Kumnyang'anya bibi wa miaka sitini na moja kwa nguvu, mbele ya wale wote, ndiyo kabisa. Akavua koti. Akavua viatu. Soksi zake zilikuwa na matundu, vidole gumba vyote viwili nje.

"Jamani," Loisi akasema, "ombaomba ni nani hapa?"

Damas akapanda. Tukamrushia karai la kwanza la udongo, akaanza kukanyaga peke yake kwenye kona ya paa, anakwenda na kurudi, suruali ameikunja mpaka magotini. Hakuchukua muda kugundua kwamba kwa miguu miwili angemaliza kesho kutwa.

"Mnaniangalia nini?" akafoka. "Pandeni!"

Hakuna aliyesogea. Jenifa akapiga hatua moja mbele, mikono kiunoni.

"Mtendaji, na ile orodha ya mbolea?"

"Panda, Jenifa!"

"Nauliza tu, baba. Maana kwa ninavyoona, jina la kwanza kufutwa litakuwa lako."

Hapo hata Damas alishindwa kujizuia, akacheka huku ameshika boriti. Jenifa akapanda, wakapanda wengine, na wale waliobaki chini wakapanga mstari wa makarai na ndoo. Mmoja akaanzisha wimbo wa kukanyagia, wenzake wakaupokea, na miguu ikaanguka pamoja. Nimesimama kwenye sherehe nyingi katika kazi yangu, zenye muziki wa kukodi, na sijaona watu wakikanyaga kwa raha kama wale.

Saa tano wageni wangu wakafika, tisa, wekundu kwa vumbi, wamebeba chupa za maji zilizokwisha. Kiongozi wao, dada mmoja aitwaye Miriam, aliangalia juu ya paa kwa muda mrefu.

"Hii ni sehemu ya ratiba?" akaniuliza.

"Hii hatumwonyeshi kila mtu," nikamjibu. "Mmebahatika."

Akavua raba. Wenzake wanne wakamfuata juu. Waliobaki nikawapa makarai. Hakuna aliyeniuliza kama ilikuwa imo kwenye bei.

Kufika saa nane upande wa magharibi ulikuwa umefungwa, laini, hauna hata ufa wa unywele. Damas alisimama katikati ya paa, matope mpaka magotini, na upepo ulipompiga akakumbuka kwamba yeye ni serikali.

"Sasa, bibi, tuongee kazi," akasema kutoka kule juu. "Utani umeisha. Hawa wageni hawataweza kulala hapa leo."

"Kwa nini?" Loisi akauliza kutoka chini.

"Nilishasema. Paa si salama."

"Mko wangapi hapo juu?"

Watu wakaanza kuhesabiana. Miriam akasema, "Ishirini na sita."

"Mmelirukia tangu asubuhi," Loisi akasema. "Limeanguka?"

Kila mtu alikuwa anaiangalia miguu yake. Kijana mmoja akapiga kisigino mara mbili, dum, dum, kisha akamtazama mtendaji kwa heshima zote, anasubiri jibu.

Damas akashuka ngazi. Loisi akainuka kwenye jiwe na kumpa begi lake kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, halafu akamwambia atoe karatasi mpya ya ile fomu, kwa sababu ya kwanza aliitumia kuwashia moto.

"Fikiria vizuri, bibi," Damas akasema. Safari hii hakusema kwa ukali. "Bati hizi zitapelekwa kijiji kingine."

"Zipelekwe. Wapo wanaozihitaji."

"Na barabara?"

"Na yenyewe waende nayo. Mimi sikuomba barabara. Unasikia, mtani? Mgogo huyu hakuomba."

Damas akakuna kichwa, akaiangalia fomu. "Kwenye faili nitaweka nini sasa? Hapa pana sehemu ya sahihi ya kukubali. Ya kukataa haipo. Hawakuiweka."

"Nipe kalamu."

Akaigeuza ile fomu, akailaza juu ya jiwe, akafuta vidole vyake kwenye kanga, akaandika nyuma yake. Aliandika taratibu, herufi kubwa za mtu aliyesoma darasa la nne na hakusahau. Watu wakakusanyika mgongoni kwake kusoma. Aliandika: *Nimekataa. Nyumba ni yangu. Loisi Mlewa.* Akauliza leo ni tarehe ngapi, akatajiwa, akaiandika nayo. Halafu akamrudishia Damas karatasi.

"Gonga muhuri."

"Bibi, muhuri wa kijiji kwenye kukataa?"

"Ulipanda nao mlima wote huu kuja kugonga kwenye kukubali. Wino ni uleule."

Damas akawaangalia watu wake, akawaangalia wageni, akaangalia paa. Akaufungua muhuri, akaupulizia pumzi, akagonga.